Papa Leo na Daftari la Jumuiya: Huruma ya Roma Hufikaje Nyalenda?

Jioni ya Alhamisi, tarehe 8 Mei 2025, moshi mweupe ulipopanda juu ya paa la Kanisa Dogo la Sistina, huku Kisumu ilikuwa saa moja na dakika chache, na jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki ya mtaa wa Nyalenda ilikuwa bado kwenye sala. Kijana mmoja mwenye bando aliinua simu yake ili sote tuone. Tulikaa zaidi ya saa nzima kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kwa majirani, mpaka jina likatangazwa: Robert Francis Prevost, ambaye angeitwa Leo XIV. Mzee mmoja, fundi wa baiskeli, akauliza swali ambalo lisingechekesha katika lugha nyingine yoyote: "Huyu ni Papa wa leo, sawa. Na wa kesho?" Watu wakacheka. Mama mmoja anayeuza omena kwa gorogoro hakucheka. Alisema tu, "Mradi awaonee maskini huruma kama yule aliyetutoka," yaani Papa Francis.

Tangu siku hiyo nimeisikia kauli hiyo kwa namna nyingi, Kondele na Kibuye, Kakamega mjini, hata kwa ndugu zetu wa Rhonda kule Nakuru. Ni tumaini la haki kabisa, ila limefungwa pamoja na mambo kadhaa yasiyo ya aina moja: moyo wa mtu aliyechaguliwa, mafundisho anayoyarithi, fedha ambazo watu wanaamini zimelala Vatikani, na mamlaka aliyonayo Papa juu ya parokia iliyo umbali wa maelfu ya kilomita kutoka Roma. Asiyeyatenganisha mambo haya atamsubiri Papa afanye yasiyo kazi yake, na wakati huohuo atawasamehe walio karibu naye kazi ambayo ni yao.

Kuhusu moyo wa mtu, yapo ya kutosha. Prevost alizaliwa Chicago mwaka 1955, akaingia Shirika la Mtakatifu Augustino, na sehemu kubwa ya ukuhani wake aliitumia Peru, kwanza Chulucanas na Trujillo kama mmisionari, na baadaye Chiclayo kama askofu hadi mwaka 2023. Katikati ya vipindi hivyo aliliongoza shirika lake lote kwa miaka 12, kazi iliyomfikisha katika nyumba za Waagustino sehemu nyingi za dunia, Afrika Mashariki ikiwemo. Mwaka 2015 alichukua uraia wa Peru. Mafuriko yalipoipiga pwani ya kaskazini ya nchi hiyo, alionekana ndani ya maji akiwa amevaa mabuti ya mpira, na wakati wa korona aliongoza mchango wa kununua mitambo ya kutengeneza oksijeni kwa ajili ya wagonjwa wa jimbo lake. Mtu wa Ahero au wa Nyando, aliyewahi kulala darasani pamoja na kuku wake kwa sababu mto umeingia nyumbani, hahitaji kuelezwa maana ya askofu aliyevaa mabuti.

Lakini moyo wa mtu mmoja haupimi mwelekeo wa Kanisa zima, na hapa ndipo jina alilojichagulia linapokuwa na uzito kuliko picha. Siku 2 baada ya kuchaguliwa aliwaeleza makardinali kwamba alimkumbuka Leo XIII, Papa aliyetoa waraka uitwao Rerum Novarum mnamo 15 Mei 1891, viwanda vya Ulaya vilipokuwa vikiwatafuna wafanyakazi. Waraka ule ulisema mambo ambayo kwa wakati huo hayakuzoeleka kutoka madhabahuni: kwamba mfanyakazi ana haki ya kuunda chama, kwamba mshahara haupimwi tu kwa kile ambacho mtu mwenye njaa atakubali kupokea, bali lazima umtoshe kuishi kwa heshima, na kwamba matajiri wachache wamewatwika umati wa maskini nira isiyopishana sana na utumwa. Waraka ulipotoka, reli ilikuwa bado haijaanza kujengwa Mombasa. Ilipofika ukingoni mwa ziwa mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence na ambapo leo ni Kisumu, ilikuwa imejengwa kwa jasho la vibarua ambao hakuna aliyewasomea ukurasa wowote wa Leo XIII.

Papa Leo XIV aliongeza kwamba mapinduzi ya viwanda ya zama hizi ni akili unde (AI) na namna itakavyoigusa heshima ya kazi. Sina ubishi naye, ila kwetu swali la mwaka 1891 halijajibiwa bado. Mwezi uleule wa Mei 2025, viwanda vinne vya sukari vya serikali, vikiwemo Chemelil na Muhoroni, vilikodishwa kwa kampuni binafsi kwa muda wa miaka 30, huku wafanyakazi wakidai malimbikizo ya mishahara. Mkata miwa anayeambiwa asubiri hajui akili unde ni nini, lakini anaijua vizuri sana sura ya mtu anayefanya kazi na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mafundisho hayo yalipata tamko jipya mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, Papa alipotoa wosia wa kitume, yaani hati ya mafundisho, uitwao Dilexi te, maana yake "Nimekupenda", maneno yaliyotolewa katika Ufunuo 3:9. Uandishi wake ulianzishwa na Papa Francis kabla hajafariki tarehe 21 Aprili 2025, na Leo akaukamilisha na kuutia sahihi tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Wanaotafuta dalili kwamba Papa mpya ataendelea na njia ya aliyemtangulia hawana haja ya kubashiri, kwa kuwa hati yake kubwa ya kwanza ni ya watu wawili na mada yake ni maskini.

Jambo moja katika wosia huo linatugusa kwa karibu. Unasema kwamba maskini hawapo kwa bahati mbaya wala kwa kudra kipofu, na kwamba wengi wao hawakuuchagua umaskini; anayedai vinginevyo anaonyesha upofu na ukatili wake mwenyewe. Hapa kwetu dai hilo limeshika mizizi kwa sura mbili. Ya kwanza ni ile ya mabarazani, kwamba maskini ni mvivu, ingawa anayesema hivyo mara nyingi ameamka saa mbili na anayemsema ameamka saa kumi alfajiri kwenda ufuoni Dunga kungoja samaki. Ya pili ni ya mimbarani, kwamba maskini amekosa kupanda mbegu, yaani hajatoa sadaka ya kutosha kumfungulia milango ya baraka. Wakatoliki hupenda kudhani kwamba sura hii ya pili ni ya makanisa mengine. Nitairudia baadaye.

Wosia huohuo haukubali kumtenga ombaomba na mdai haki. Unasema msaada ulio bora ni kumwezesha mtu kupata kazi, kisha unasisitiza kwamba sadaka kwa maskini haijapitwa na wakati, maana aliye na njaa leo hawezi kungoja sera irekebishwe. Lakini pia unazitaja dhambi zilizojengeka ndani ya mifumo, na uchumi unaoua. Kumpa mtu unga na kuuliza kwa nini hana unga ni kazi moja. Wapo wanaoitilia shaka kauli ya Kanisa ya kuwapa maskini kipaumbele, kauli iliyopata nguvu katika mikutano ya maaskofu wa Amerika ya Kusini, Medellín mwaka 1968 na Puebla mwaka 1979, wakidhani ni siasa iliyovaa kanzu. Sisi wa huku magharibi na Bonde la Ufa hatuhitaji kuijadili kwa nadharia. Mapigano ya kikabila yalipozuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru aliwafungulia waliofukuzwa milango ya Kanisa, na akasema hadharani kwamba mapigano yale hayakuwa ya bahati mbaya. Padre John Kaiser wa shirika la wamisionari la Mill Hill, aliyefanya kazi miaka mingi huko Kisii kabla ya kukaa na wakimbizi wa kambi ya Maela, alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano hayo, kuhusu ardhi na waliochochea. Tarehe 24 Agosti 2000 maiti yake ilipatikana kando ya barabara karibu na Naivasha, na mwaka 2007 mahakama ikaamua kwamba aliuawa. Wangegawa mablanketi tu na kunyamaza, hakuna ambaye angewasumbua.

Sasa fedha. Wengi wanapotamka "Papa awaonee maskini huruma" huwa na picha ya hazina fulani Roma ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwa Papa, na kwamba Papa mwema ataifungua, Papa mgumu ataifunga. Mambo hayaendi hivyo. Kila jimbo lina mali yake, hesabu zake na madeni yake, na parokia ya Nyalenda haina akaunti inayotiliwa fedha na Vatikani kila mwezi. Papa ana ofisi ya sadaka inayowahudumia maskini, hasa wa Roma, na inayotuma misaada penye vita au maafa. Majimbo ya nchi za kimisionari, na Kenya bado imo katika kundi hilo chini ya Idara ya Uinjilishaji, hupata ruzuku kutokana na michango ya Wakatoliki wa dunia nzima, hasa ile ya Dominika ya Kimisionari mwezi wa Oktoba. Ruzuku hiyo husaidia seminari, makatekista na ujenzi fulani. Haiwezi kulisha mtaa.

Penye nguvu halisi ya Papa ni katika uteuzi wa maaskofu. Askofu Mkuu Maurice Muhatia Makumba alikuwa Nakuru tangu mwaka 2010, Papa Francis akamhamishia Kisumu mwaka 2022, na mwaka uliofuata Nakuru ikampata Askofu Cleophas Oseso Tuka. Mabadiliko ya namna hiyo hutangazwa kwa sentensi mbili saa sita mchana, saa za Roma, na matokeo yake huishi miaka 20: ni askofu anayeamua padre gani aende parokia ipi, zahanati ipi isifungwe, nani asimamie ofisi ya misaada ya Caritas na ile ya Haki na Amani, na kama barua ya Kampeni ya Kwaresima itasomwa na kujadiliwa au itabaki kwenye boksi sakristini. Kama mtu anataka kupima huruma ya Leo XIV kwa maskini wa Nyanza na Magharibi, aache kuhesabu safari zake na aangalie ni watu wa namna gani anawateua.

Njia ya pili ambayo huruma ya Papa hutufikia ni sheria, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo penye fundo lenyewe.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria mazishi katika parokia ambayo sitaitaja, kaunti ya jirani. Marehemu alikuwa mzee aliyekuwa akilinda duka usiku, na kwa miaka miwili ya mwisho alikuwa amelala kitandani. Asubuhi ya mazishi, turubai likiwa limeshafungwa na maiti ikiwa uani, katekista aliiomba familia kadi ya zaka. Binti yake aliipata ndani ya Biblia, imekunjwa mara nne, ya rangi ya manjano, na visanduku vya miezi ishirini na kitu vikiwa vitupu. Katekista, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliinamisha kichwa akasema, "Mama, padre atauliza." Jumuiya ikachanga papo hapo, wengine kwa noti, wengine kwa M-Pesa, mpaka ikatimia shilingi 4,500, na visanduku vikagongwa muhuri kimoja kimoja juu ya meza iliyokuwa na maua ya marehemu. Padre akaja, akaadhimisha Misa nzuri, akahubiri juu ya huruma ya Mungu.

Kisa hiki si kigeni kwa Mkatoliki yeyote wa Kenya anayesoma hapa, na wengi wanaamini ndivyo Kanisa lilivyoagiza. Sheria za Kanisa Katoliki zilizotangazwa mwaka 1983 zinasema kinyume. Kanuni ya 1181, inayozungumzia sadaka za mazishi, inaonya kwamba maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Kanuni ya 1184 inaorodhesha wanaoweza kukataliwa mazishi ya Kanisa: walioiasi imani waziwazi, waliochagua kuchomwa kwa sababu za kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuzikwa kwao kungewakwaza waamini, nao wote ni ikiwa hawakuonyesha dalili ya toba kabla ya kufa. Mwenye deni la zaka hamo. Kanuni ya 848 inamkataza mhudumu kudai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa na wenye mamlaka, na inamtaka ahakikishe kwamba fukara hakosi sakramenti kwa sababu ya ufukara wake. Inapofika kwenye matumizi ya mali ya Kanisa, kanuni ya 1254 inayataja makusudi yake: ibada, matunzo ya wahudumu, kazi za kitume na za upendo, hasa kwa wahitaji. Na kanuni ya 222 inawataka waamini wenyewe, mimi na wewe, kuendeleza haki katika jamii na kuwasaidia maskini kutoka katika mapato yetu.

Kwa hiyo mtu anayesema anangoja Papa mpya aamuru kwamba maskini wasikataliwe kanisani anangoja amri iliyokwishatolewa. Hakuna Papa anayeweza kuitoa kwa uwazi zaidi. Kilichobaki ni nani anaijua, na nani ana ujasiri wa kuitaja mbele ya paroko bila kuonekana mkorofi. Nimesema nitairudia ile sura ya mbegu: kadi inapogeuka kuwa tiketi ya mazishi, tofauti yetu na mhubiri anayeuza baraka ni kwamba yeye anadai kabla na sisi tunadai baada.

Haki inataka pia kueleza kadi hiyo ilitoka wapi, kwa maana haikuzaliwa na uchoyo. Wamisionari wa Mill Hill walipofika Kisumu mwaka 1903, na kwa miongo mingi baada ya hapo, shule, hospitali na makanisa yalijengwa kwa fedha za wafadhili wa Ulaya. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki, chini ya umoja wao wa AMECEA, waliamua kujenga Kanisa linalojitegemea kwa watumishi, kwa uenezaji na kwa mali, na wakaziweka jumuiya ndogondogo kuwa msingi wake. Uamuzi ule ulikuwa wa heshima, kwani ulikataa kumwona Mwafrika kama mpokeaji wa kudumu. Lakini Kanisa la maskini linalojitegemea hujitegemea kwa mifuko ya maskini, na wafadhili walipozidi kupungua, kadi ikaongezewa kazi ambazo haikuumbiwa. Paroko naye ana bili ya stima, mishahara ya makatekista, gari linalokwenda vigango kumi, na mchango wa jimbo usiosubiri. Hospitali za Kanisa zinaidai serikali madai ya bima ya afya, jambo ambalo maaskofu wamelilalamikia hadharani zaidi ya mara moja, na mgonjwa asiyejiweza anayepokelewa huko analipiwa na mtu fulani hata kama hatumwoni.

Pengo hilo lingeweza kuzibwa kwa njia nyepesi, na kwa muda mrefu limezibwa hivyo, kwa bahasha ya mwanasiasa kwenye harambee. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais alizitoa alipozuru parokia ya Soweto mtaani Kayole. Wapo waliomwona ana kiburi. Kwa maoni yangu ni moja ya matendo ya huruma kwa maskini yaliyofanywa na Kanisa la Kenya katika miaka hii, kwa kuwa parokia inayopokea bahasha Jumapili haiwezi Jumatatu kuuliza kwa nini dawa hazipo. Ila kukataa bahasha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwaonyesha waamini hesabu, jambo ambalo nalo tayari ni sheria, kwani kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawaeleze waamini jinsi sadaka zao zilivyotumika, na kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na baraza la fedha. Nimeona parokia moja tu inayobandika karatasi ya mapato na matumizi mlangoni kila robo mwaka. Zaka yake haikupungua. Watu husimama kuisoma baada ya Misa, wanabishana kuhusu bei ya divai, kisha wanatoa.

Katika jumuiya yetu hatukungoja wosia wa Oktoba. Baada ya ule usiku wa moshi mweupe tulifungua daftari la mweka hazina, lile kubwa lenye jalada gumu, na kukuta wanachama saba hawajaja miezi mingi. Tulidhani wamehamia makanisa mengine. Tulipowatembelea, watano walikuwa palepale Nyalenda, wanaona haya kwa sababu ya visanduku vitupu. Mmoja wao, mama mjane, alituambia kwamba kila Alhamisi husikia nyimbo zetu akiwa nyumbani kwake, na huzifuatisha. Tukakubaliana kwamba daftari liandike jina la aliyekuja, na kiasi kiandikwe kwenye karatasi nyingine isiyosomwa kwa sauti. Mweka hazina alipinga sana, akasema mfuko utakauka. Mfuko haujakauka, ingawa haujanona pia.

Jumapili ya tarehe 29 Juni 2025, sikukuu ya Petro na Paulo, ilikuwa siku ya sadaka ya Petro, ile inayokusanywa duniani kote na kupelekwa kwa Papa kwa ajili ya kazi zake, zikiwemo za kuwasaidia maskini. Mama wa omena alikuwa mbele yangu kwenye foleni, amefunga noti ya shilingi 50 kwenye ncha ya leso. Aliuliza fedha hizo zinakwenda wapi hasa, na katekista akamjibu zinakwenda Roma, kwa Papa Leo.

"Basi wamwambie zimetoka Nyalenda," alisema, akaifungua leso.